Kompyuta Haijui Kiingereza

Mwezi uliopita nilipeleka andiko la kurasa 4 mbele ya kikao cha kitaaluma cha taasisi mojawapo ya elimu ya juu hapa nchini. Sikuomba fedha, wala jengo, wala safari ya mafunzo nje ya nchi. Niliomba wiki 6 za mwanzo wa somo la kuandika programu, ili wanafunzi wa mwaka wa kwanza waanzie kwenye lugha ndogo ya programu tuliyoiunda mimi na vijana wanne, yenye maneno ya Kiswahili na mkalimani anayejibu kwa Kiswahili. Baada ya wiki hizo wangehamia Python kama mtaala unavyotaka. Andiko lilijadiliwa kwa dakika zisizofika 10. Mjumbe mmoja, mtu ninayemheshimu kwa elimu yake, alilifunga kwa sentensi moja: "Dokta, kompyuta haijui Kiswahili." Kikao kikacheka. Mwenyekiti akaita ajenda iliyofuata, iliyohusu maegesho ya magari, nayo ikachukua dakika 40.

Sikujibu siku ile, kwa sababu kicheko hakijibiki ndani ya kikao. Najibu leo.

Ni kweli kwamba kompyuta haijui Kiswahili. Haijui Kiingereza pia. Haijui lugha yoyote inayotoka kinywani mwa mwanadamu. Anayeamini kwamba mashine ile imezaliwa na Kiingereza tumboni hajawahi kufungua programu inayosoma programu akatazama ndani, au amewahi kutazama na amesahau alichokiona. Kilichomo ni hiki. Maandishi ya mwanafunzi yanapokelewa herufi baada ya herufi na kukatwa vipande: hapa pana namba, hapa pana jina, hapa pana alama ya kujumlisha. Kila kipande chenye umbo la neno kinalinganishwa na orodha fupi ya maneno maalumu, ambayo ni jedwali la kawaida lenye safu mbili. Safu ya kushoto ina neno, ya kulia ina alama ambayo mashine huitumia kwa shughuli zake. Kisha vipande vinajengwa kuwa mti, ili katika "jumla iwe bei * idadi + nauli" kuzidisha kukae kwenye tawi la chini na kufanyika kabla ya kujumlisha. Mwisho mti huo unatembelewa tawi kwa tawi, na kila tawi linafanya kazi yake. Katika safari hiyo yote Kiingereza kimeonekana mara moja tu, kwenye safu ya kushoto ya jedwali. Ukifuta neno lililopo pale ukaandika "kama", mti haubadiliki hata jani moja.

Nani basi aliamua kwamba safu ya kushoto iwe ya Kiingereza? Haikuwa mashine. Grace Hopper, mmoja wa waasisi wa lugha za programu zinazotumia maneno ya kawaida badala ya alama za hesabu, alisimulia katika mkutano wa historia ya lugha za programu wa mwaka 1978 kisa cha wakuu wake katika miaka ya 1950. Aliwaonyesha programu iliyoandikwa kwa Kiingereza, kisha akawaonyesha ileile ikiwa kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Alidhani watafurahi kuona jinsi kubadili maneno kulivyokuwa kazi ndogo. Wakashtuka. Kwamba kompyuta iliyotengenezwa Marekani ielewe Kifaransa au Kijerumani halikuwa jambo la kufikirika kwao, na ikabidi awaahidi kwamba mashine itapokea Kiingereza tu. Kile ambacho mjumbe wetu anakiita tabia ya kompyuta kilikuwa, kwa maneno mengine, azimio la kikao. Vikao vinafanana.

Na si mataifa yote yaliyokubali azimio hilo. Wafaransa walikuwa na LSE, lugha ya kufundishia yenye maneno ya Kifaransa, mashuleni katika miaka ya 1970. Katika Umoja wa Kisovyeti, Andrey Ershov alisimama Lausanne mwaka 1981 na kuuambia ulimwengu kwamba kuandika programu ni kisomo cha pili. Na mwaka 1985 somo la kompyuta lilipoingizwa katika shule za sekondari za nchi yake, kitabu chake kilifundisha kwa maneno ya Kirusi, hata katika shule ambazo hazikuwa na kompyuta hata moja na ilibidi watoto wafuate programu kwa kalamu na karatasi. Sijawahi kusikia mtu akidai kwamba Warusi walikosa wahandisi kwa sababu hiyo.

Nina hakika mjumbe wetu, akisoma hadi hapa, atarudi na hoja yenye uzito zaidi, nami nitamsaidia kuitamka. Atasema: Python ina maneno maalumu 35 tu. Kijana aliyefaulu kidato cha sita anashindwaje kukariri maneno 35? Kwa nini tuunde lugha nzima kumkwepesha kazi ya jioni moja?

Hoja hiyo ingekuwa sahihi kama tatizo lingekuwa maneno 35. Mwaka juzi nilikuwa na binti mmoja darasani, mtoto wa shule ya kata, aliyetaka kuandika programu ya kukokotoa mgao wa kikoba cha mama yake. Nilimwomba kwanza anieleze hesabu yenyewe kwa mdomo. Alieleza hisa, akaeleza mkopo na riba yake, akaeleza faini ya anayechelewa na jinsi faini inavyorudi kwa wanachama mwisho wa mzunguko, bila kuruka hatua na bila kurudia. Mtu anayeweza kueleza hivyo ameshaandika programu, amebakiza kuinakili. Wiki iliyofuata nilimkuta maabara akiwa amefuta kazi yake yote kwa mara ya tatu. Kosa lilikuwa alama moja ya nukuu ambayo hakuifunga kwenye mstari wa 4. Mashine ilikuwa imemwambia, kwa Kiingereza chake kikavu cha mafundi. Nilimuuliza ujumbe ule ulisema nini. Akanijibu, "Mwalimu, sijausoma. Nikiona maandishi mekundu najua nimekosea, basi nafuta naanza upya."

Muhula wa pili alihamia programu nyingine ya masomo. Sitadai kwamba Kiingereza peke yake ndicho kilichomwondoa. Maisha ya mwanafunzi yana mambo mengi kuliko yanayoonekana maabara. Ninachodai ni kwamba alifukuzwa mlangoni na sentensi ambayo hakuisoma, na kwamba sentensi ile si mojawapo ya yale maneno 35. Maneno maalumu ni vitasa. Ujumbe wa kosa ndio mazungumzo yenyewe, maana anayeanza kuandika programu anakosea mara nyingi kuliko anavyopatia, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kile mashine inachomwambia ni maelezo ya makosa yake. Ukimnyima lugha ya maelezo hayo, umemwacha na hukumu isiyo na sababu.

Hapa inanibidi niwageukie pia wenzangu tunaosimama upande mmoja, wale wanaoanza kila hotuba na "mwacha mila ni mtumwa". Kuna namna ya kuitetea lugha ambayo inaizika. Mtu anachukua lugha ya programu ya kigeni, anabadili maneno kwa kamusi, anaita waandishi wa habari, anakata utepe, na baada ya mwaka hakuna mwanafunzi hata mmoja anayeitumia. Dalili ya kazi ya namna hiyo ni neno "chapisha". Amri ya kuonyesha matokeo inaitwa hivyo kwa Kiingereza kwa kuwa zamani majibu yalitoka kwenye mashine ya kupiga chapa juu ya karatasi. Mfasiri wetu ameibeba karatasi ile hadi kwenye kioo cha simu mwaka huu, na mtoto anajiuliza anachapisha kitabu gani. Sisi tulitumia "andika", kwa sababu ndicho kinachotokea: maandishi yanaandikwa.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, na waliodhihaki istilahi zake hawakuwahi kubuni hata moja. Lakini ni maafisa wangapi leo wanaoikumbuka? Nadhani ilimfikia mtumishi ambaye tayari vidole vyake vilijua menyu za Kiingereza zilipo. Kwa mtu huyo Kiswahili kilikuwa somo la pili kwa kazi ileile. Ndiyo maana ninasisitiza wanaoanza, na wanaoanza tu. Wao hawana cha kusahau.

Kuunda lugha kwa ajili yao ni kazi nyingine kabisa, na naomba niwachoshe kidogo kwa undani wake, maana undani ndio kikao hakikutaka kuusikia.

Tuanze na alama ya usawa. Lugha nyingi humtaka mwanafunzi aandike kwamba jumla ni sawa na jumla ongeza 5. Mwalimu wa hesabu alimfundisha kidato cha kwanza kwamba usawa wa namna hiyo hauwezekani, na mwalimu alikuwa sahihi. Wabunifu wa Algol na Pascal waliliona tatizo wakaweka nukta mbili mbele ya alama ya usawa, suluhisho la mafundi. Sisi tulitazama sarufi yetu tukakuta dhamira tegemezi imekaa pale ikisubiri: "jumla iwe jumla + 5". Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayedhani kwamba "iwe" ni taarifa ya jinsi mambo yalivyo. Ni agizo: kuanzia sasa na iwe hivi.

Lakini "iwe" ina upatanisho. Bei iwe, umri uwe, kiasi kiwe, magunia yawe. Mmoja wa vijana wangu alitaka lugha ikubali "iwe" peke yake, kwa urahisi. Mwingine, mtoto wa mwalimu wa Kiswahili bila shaka, alitaka mkalimani akatae "kiasi iwe" kama kosa la sarufi. Tuligombana Jumamosi nzima. Mwishowe tuliorodhesha maumbo yote: awe, wawe, uwe, iwe, liwe, yawe, kiwe, viwe, ziwe, pawe, kuwe. Ni 11. Tukayaweka yote kwenye safu ya kushoto ya jedwali, yakielekea alama moja upande wa kulia. Mwanafunzi aandike lolote kati yake, mashine itaelewa. Anayesema Kiswahili kwa ufasaha asilazimishwe kukivunja ili aeleweke na kompyuta, na anayejifunza Kiswahili asiadhibiwe kwa ngeli anapojifunza programu. Kazi ya mistari 11 kwenye jedwali. Kiingereza hakingetuuliza swali hilo kamwe.

Ngeli zilitufuata hadi kwenye ujumbe wa makosa. Mwanafunzi akitaja jina ambalo hajalipa thamani, mkalimani aseme nini? "Bei haijulikani" ni sawa, lakini "kiasi haijulikani" inaumiza sikio, na mashine haiwezi kujua ngeli ya kila jina ambalo mtoto atabuni, sembuse x. Tulifikiria kuipa kamusi. Kisha yule mtoto wa mwalimu akasema, mbona tusitangulize neno letu wenyewe? Tangu siku hiyo mkalimani husema: "Mstari wa 3: jina 'jumlaa' halijulikani. Je, ulikusudia 'jumla'?" Neno "jina" ni la li-ya, nalo ndilo linalotawala sentensi hata baada yake kuje nini. Swali la mwisho hutokana na hesabu ndogo: mkalimani hupima ni herufi ngapi ziongezwe, zipunguzwe au zibadilishwe ili jina geni lifanane na analolijua, na likiwa karibu hulipendekeza. Na kwa ile alama iliyomshinda binti wa kikoba: "Mstari wa 4: alama ya nukuu imefunguliwa hapa lakini haijafungwa."

Palikuwa na mengine. Thamani ya ukweli ina pande mbili, na kamusi inatoa "kweli" na "uongo". Lakini uongo una nia ndani yake. Anayesema 3 ni kubwa kuliko 5 huenda amekosea tu. Tulichagua "sikweli", ingawa mpaka leo mmoja wetu hajaridhika. Kisha saa. Kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo asubuhi tunapoamka na kusema saa 1, yenyewe inasema 7. Mtoto anayeandika programu ya ratiba ya mabasi afuate ipi? Tumempa zote mbili kwa majina mawili, na saa yetu inapatikana kwa kutoa 6, kisha kuongeza 12 ikiwa jibu ni sifuri au chini yake, au kupunguza 12 ikiwa limezidi 12. Sasa tunalitumia kama zoezi la wiki ya tatu. Ni zoezi bora kuliko lile la kugeuza vipimo vya joto vya Fahrenheit, ambavyo hakuna mtu hapa aliyewahi kuvitumia kupima homa.

Kiswahili, nikiri, kilitupa pia jina la kazi yenyewe. Tunatofautisha mfasiri, anayechukua kitabu kizima na kukirudisha kikiwa katika lugha nyingine, na mkalimani, anayesimama kati ya wasemaji wawili na kugeuza sentensi kwa sentensi wakiwa wanangoja. Ndiyo tofauti hasa iliyopo kati ya aina mbili za programu zinazosoma programu. Mimi nilihangaika kuielewa nikiwa mwanafunzi, kwa Kiingereza. Wanafunzi wangu huielewa kabla sijamaliza kuiandika ubaoni.

Imebaki hoja ya soko la ajira, ambayo hutolewa kwa sauti ya mtu aliyepiga bao la ushindi. Nani ataajiriwa kwa kujua lugha ya Kiswahili ya programu? Hakuna. Nani aliwahi kuajiriwa kwa kujua Logo, iliyobuniwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto, ambao baadaye walipewa kobe wa kumwongoza? Nani anatangaza nafasi ya kazi ya mtaalamu wa Scratch? John Kemeny na Thomas Kurtz walipoizindua BASIC katika chuo cha Dartmouth mwaka 1964, lengo lao lilikuwa kuwafungulia mlango wanafunzi wasio wa sayansi, na baadhi ya waliopitia mlango ule waliendelea na lugha nyingine. Hata Felienne Hermans wa Uholanzi, aliyeanzisha Hedy mwaka 2020, ameijenga kwa viwango vinavyopanda taratibu hadi mwanafunzi ajikute anaandika Python, na maneno yake yanaweza kuwekwa katika lugha nyingi, Kiarabu kikiwamo. Lugha ya wanaoanza ni ngazi. Hakuna anayeishi juu ya ngazi, lakini sijaona nyumba ya ghorofa iliyojengwa bila ngazi kwa sababu wapangaji watakaa ndani.

Ninaloliona mimi ni kwamba ubishi huu haujawahi kuwa wa kompyuta. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Pendekezo likawekwa kando. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote, na bado mtoto anayemaliza darasa la saba katika shule ya umma anavuka uzio na kukuta fizikia inamsubiri kwa lugha nyingine. Kwa kila kizazi panakuwa na sababu mpya ya kitaalamu. Jana vitabu havikuwapo. Juzi istilahi hazikutosha. Leo kompyuta haijui. Na wanaozitoa sababu hizo, mimi nikiwamo kwa miaka mingi, ni watu ambao Kiingereza kiliwapandisha. Tunauita ubora wa elimu ule ugumu uliotuchuja sisi, kwa kuwa tulibaki upande wa ndani wa chekeche. Nasema mimi nikiwamo kwa sababu nilifundisha miaka kadhaa nikiwacheka wanafunzi walioshindwa kusoma maandishi mekundu, na sikuwahi kujiuliza nani aliyaandika.

Kwa watumishi wa wizara wanaosoma ukurasa huu: hamhitaji kungoja kikao chetu. Mkalimani wetu ni programu ya mistari isiyofika 2,000, haihitaji intaneti, na tumeijaribu kwenye kompyuta kuukuu ambazo ofisi zenu huzihesabu kuwa chakavu. Tumeifundishia vijana 11 kwa Jumamosi tano. Watu 11 si utafiti na sitawauzia kama utafiti. Nitasema tu nilichokisikia: walisoma ujumbe wa makosa kwa sauti. Mmoja aligombana nao. Kioo kilimuuliza kama alikusudia "nauli", naye akakijibu, kidole kikiwa hewani, "Siyo, mimi nilikusudia nauli ya kurudi," kisha akakaa kimya, akatambua kwamba ile nauli ya kurudi hakuitaja popote, akairekebisha.

Bado kuna kasoro. Mkalimani hajui kushughulikia orodha iliyo ndani ya orodha, na namba zenye desimali humpa shida tunapoandika fedha. Andiko langu linarudi kikaoni mwezi ujao likiwa na kurasa 9 badala ya 4. Zile 5 za nyongeza ni ujumbe wa makosa wote, mmoja baada ya mwingine, nao nimemwomba mwenyekiti ausome kwa sauti kabla ya ajenda ya maegesho.